Miguu ya Mbugani

Kondoa-Irangi, 4 Machi 1909

Shikamoo dada Ndeshi,

Mimi mzima, sijui ninyi huko Nkoaranga. Mama hajambo? Macho yake je?

Utarishi naumudu. Lakini miguu, dada! Unakumbuka tulivyopanda mbio kutoka mtoni na vibuyu vya maji, wewe ukinicheka mashavu ya miguu yamejaa kama viazi vikuu? Yamekwisha. Huku ni mbuga tupu, nakimbia polepole kutwa nzima na mfuko wa barua mgongoni. Ule mwinuko wetu ulinijaza nyama, hii tambarare inaninyoosha tu, nimebaki kano na mfupa. Nimekumbuka nyumbani mpaka nasikia harufu ya migomba. Nitaomba ruhusa nije.

Mdogo wako,
Kaanaeli

Nkoaranga, 20 Aprili 1909

Marahaba mdogo wangu,

Sote tunapumua, ila macho ya mama yamepofuka kabisa. Sasa anamjua mtu kwa kumpapasa.

Desturi yake hajaiacha: anayerudi safari humpaka samli miguuni kabla hajala. Juzi Sadoki, mtoto wa mama mdogo, alimwonea huruma akajifanya wewe. Mama kumshika shavu la mguu tu, akamtimua na mwiko! "Mwanangu nimempaka tangu anatambaa, nitakosa kulijua shavu lake?" Tulicheka hatuna mbavu.

Kisha barua yako ikafika, kicheko kikaniisha. Sauti haitakusaidia, uliondoka bado haijavunjika. Akikukataa je?

Dada yako,
Ndeshi

Kondoa-Irangi, 11 Juni 1909

Shikamoo dada,

Salamu zenu zimenifikia, nami nina afya. Ruhusa nimepata, nitakuja Agosti.

Kila alfajiri napanda kilima cha nyuma ya boma, mbio fupi za nguvu, kama zile za kutoka mtoni. Matarishi wenzangu wananiita mbuzi. Wacha wacheke! Najipima kwa kamba, lakini shavu halijasogea hata kidogo. Kile ninachopewa na kilima asubuhi, mbuga inakila mchana.

Naogopa, dada. Nataka mama anijue, basi.

Mdogo wako,
Kaanaeli

Nkoaranga, 2 Septemba 1909

Kaanaeli, mdogo wangu,

Umefika salama? Mguu uliojikwaa pale mlangoni umepoa? Ulipotoka mbio nilikuita mpaka chini migombani, hukugeuka. Sikulaumu. Mama alikushika miguu, akaiachia bila kuipaka samli, akajifunika shuka usoni. Nani angekaa?

Jioni akauliza, "Amekwenda wapi?"

"Si umemkataa, mama?"

"Nimkatae nani? Nimeshika miguu ya baba yenu!"

Kumbe baba ujana wake wote alikimbia na ng'ombe kwenye mbuga za Nduruma. Miguu yake ilikuwa hiyohiyo yako, mirefu, kano tupu. Alikufa wewe ukiwa mgongoni, na mimi nilishaisahau. Mama hakuisahau. "Nilikuwa nalia," akaniambia, "nikaona haya kulia mbele ya mwanangu. Nilijua ni yeye. Nani mwingine angekuwa na miguu ya baba yake?"

Ewe mdogo wangu, nimelia na mimi.

Samli ameiweka karibu na moto, hataki mtu aiguse. Mbwa akibweka tu, anapangusa mikono kwenye nguo na kukaa tayari. Achana na hicho kilima. Omba ruhusa tena, uje na miguu hiyohiyo.

Dada yako,
Ndeshi