Kupanda Linapanda, Kusimama Ndiyo Kazi

Mohawk, Michigan
11 Desemba 1995

Mwanangu mpenzi Wendell,

Amani ya Mungu iwe nawe, na mkeo Janelle, na wajukuu zangu wote. Mna hali gani huko kwenye mvua? Sisi tunamshukuru Mungu kwa tulichonacho. Theluji imeshafika kwenye vioo vya jikoni, na ndiyo kwanza Desemba.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu iko ukutani jikoni, na baba yako anashinda kwenye kiti kilicho chini yake. Ya kusema mbele yake nimeyamaliza.

Figo zake zimekwisha, hilo unalijua. Mara tatu kwa wiki lazima afike kwenye mashine ya kusafisha damu, mjini, ng'ambo ya daraja, na macho yake hayamruhusu tena kushika usukani. Basi dereva ndiye mimi, niliyejifunza gari nikiwa tayari na watoto wanne. Hilo mlilotununulia, linalovuta kwa magurudumu yote manne, silisemi vibaya. Juzi wenzetu walikwama mlimani kushoto na kulia, sisi tukapita katikati yao kama mbuzi. Baba yako akawapungia mkono. "Waonee huruma, Elvi," akasema, "hawana mtoto Washington."

Lakini kushuka, Wendell! Ule mlima wa kushukia darajani! Nakanyaga breki, gari linatetemeka chini ya mguu wangu, kisha linaendelea na safari yake kana kwamba sijasema kitu. Nimelia kimyakimya nisionekane. Baba yako anasema gari ni zima, mbovu ni moyo wangu. Ni kweli ni woga tu? Niambie, na kwenye bahasha uandike jina langu peke yangu.

Mama yako


Battle Ground, Washington
18 Desemba 1995

Mama yangu mpendwa,

Amani ya Mungu. Sisi wazima, ila kitinda mimba ana kikohozi. Janelle anakusalimu sana. Baba anakula? Miguu bado inavimba?

Mama, si woga. Hapa gereji nawaambia watu kila siku na wananibishia. Magurudumu yote yanavuta, ndiyo maana linapanda. Kusimama ni habari nyingine. Kila gari lina breki nne, hata lile bovu la mhubiri wetu. Kinacholisimamisha kwenye theluji ni tairi, na hizo zenu ni za misimu yote: zikipigwa na baridi ya huko, mpira unakuwa mgumu kama ubao. Gari linakupa kiburi wakati wa kupanda, halafu linakutelekeza kileleni.

Nimewatumia tairi za theluji, nne, zinakuja na lori la mizigo. Mpaka zifike, tia gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Ukishaanza, umechelewa. Endesha kama umepakata sufuria ya supu ya moto. Kwenye kona usiguse breki. Nyuma ikiteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, mikono ifuate macho.

Na nakusihi, baba asifunge mbili tu za theluji. Namjua. Gari la zamani tulilifunga mbili tukaona tumemaliza kazi. Hili linataka nne zinazolingana. Asiliguse.

Mwanao


Mohawk
5 Januari 1996

Mwanangu,

Amani ya Mungu, na mwaka mpya uwe wa heri kwenu. Kikohozi cha mtoto kimepoa? Mpake mafuta kifuani, mfunike.

Barua yako imefika jana, na imechelewa; tairi zenyewe bado. Jumatatu baba yako alikwisha kufunga mbili. Alizitoa ghalani zile za theluji za gari la zamani, akalala chini kwenye theluji na miguu yake ile, mimi namkabidhi spana. "Mbele ndiko breki inakoshika," akasema. Nikamwambia tungoje. "Nafunga mbili tangu sijakuoa," akasema, "na ona, sijafa."

Juzi mlimani mbele ilishika sawasawa, nyuma ikakataa. Mkia ukaja mbele, Wendell. Nililiitia jina la Bwana kwa sauti. Tulizunguka, tukazama kwenye ukingo wa theluji, pua ya gari ikitazama tulikotoka.

Lori la kuondoa theluji likasimama, na aliyeshuka ni baba yako mdogo, Elden. Unajua tangu kanisa ligawanyike yeye ni wa upande ule, na miaka yote hii ndugu wa tumbo moja hawajapeana amani ya Mungu wala habari za asubuhi. Akasema na mimi tu.

"Shemeji, hapa si pa kuegesha."

Baba yako akatazama mbele. "Elvi, mwambie huyo dereva tunatazama mandhari."

"Shemeji, mwambie abiria wako afunge mdomo, baridi inaingia."

Akafunga mnyororo, akatuvuta, akaenda zake. Chini barabara ilikuwa imefungwa, tukarudi nyumbani bila mashine. Leo tena ni dhoruba, hatukutoka. Uso wa baba yako umevimba hata nyusi hazionekani vizuri, na akiwa amekaa anahema kama mtu aliyepanda ngazi. Nimwombe Mungu nini? Theluji ikome, au moyo wake uvumilie? Nauogopa mlima ule kuliko jehanamu, Bwana anisamehe.

Mama yako


Battle Ground
9 Januari 1996

Mama,

Amani ya Mungu. Simu inalia tu, hakuna anayepokea. Mko wapi?

Fungua zile mbili, rudisha za misimu yote, ziwe nne. Nne mbovu zinazolingana ni afadhali. Na mwendee baba mdogo Elden. Baba akikasirika, acha akasirike akiwa hai.

Nijibu upesi.

Mwanao


Hospitalini
10 Januari 1996

Wendell, mwanangu,

Amani ya Mungu. Sijui kama umeniandikia, sijafika nyumbani tangu Jumamosi.

Siku hiyo baba yako alishindwa hata kuegemea mto. Hospitali wakasema tumlete saa yoyote tutakayoweza. Dhoruba ilikuwa bado inapiga. Nikavaa buti, nikamwambia naenda kuparua theluji mlangoni, nikaenda kwa Elden kwa miguu. Nilipoingia jikoni kwake sikungoja kahawa.

"Ndugu yako anakufa," nikamwambia.

Akaweka kikombe. "Lori langu haliruhusiwi kupakia mtu, shemeji." Akavaa kofia. "Lakini hakuna anayenichagulia barabara ya kusafisha."

Akaja uani kwetu, akazifungua zile mbili, akarudisha za misimu yote. Baba yako alimtazama dirishani mpaka mwisho. Kisha Elden akatangulia, akimwaga mchanga, sisi nyuma yake. Njia nzima sikuona kitu ila taa zake.

Kileleni baba yako akauliza, "Nani alimwita?"

"Mimi."

Akanigeukia. Nilikuwa nimeung'ang'ania usukani kwa mikono yote miwili, nadhani aliona.

"Piga honi. Simama."

"Hapa juu, Onni?"

"Gari likiwa jepesi litasimama upesi." Akafungua mlango, akatoka kwenye upepo ule, akijishikilia kwenye boneti. Nikajua anakwenda kumtukana nduguye, afe akimtukana. Mlango wa lori ukafunguka. Mkono ukatoka, ukamvuta juu.

Nikashuka mlima peke yangu, Wendell, gia ndogo, macho kwenye mchanga. Nikiteleza nalia, nikishika nalia. Walisemezana nini mle ndani sijui. Ila mlangoni kwa hospitali Elden alimteremsha amembeba mgongoni.

"Mzito kama gunia la viazi," Elden akasema.

"Ni maji hayo, mjinga wewe," baba yako akajibu. Mwenyewe! Bila kunipitishia mimi.

Sasa lililobaki. Daktari hakunificha. Damu imesafishwa, lakini siku zile bila mashine zimeuumiza moyo, na moyo hausafishwi. Analala, anaamka, anakuulizia. Njoo, mwanangu. Usingoje barabara zifunguke, ndege ikikubali tu, panda. Na ukitua usikodi gari. Elden amesema atakuja kukuchukua yeye, na kwamba safari hii abiria anaruhusiwa.

Mama yako