Cherehani Ndani ya Trela

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Mayfair tu wazima, na goti la bibi yako limepoa. Umeniuliza kama kigari chako huko ughaibuni kitaweza kuvuta trela lililozibwa pande zote kama sanduku, lenye pikipiki za theluji.

Ujanani nilimhamisha Mama Neema, mjane wa fundi cherehani wa mtaa wa Hillbrow, kwa gari dogo kama lako. Cherehani za marehemu mumewe tulizifungia ndani ya trela. Tulipoanza kuteremka mlima, mchana kweupe, trela likayumba na kutuvuta huku na huku. Kisha tukasikia cherehani ikishona mle ndani.

"Ni yeye," Mama Neema alinong'ona.

Nikataka kukanyaga breki.

"Usimshtue!" Akageuka nyuma. "Baba Neema, taratibu."

Nikainua mguu kwenye mafuta polepole, trela likatulia. Tulipolifungua, cherehani zote zilikuwa zimeteleza hadi nyuma, na gurudumu la moja bado linazunguka. Tukazisogeza mbele, tukazifunga kamba.

Basi angalia kwanza gari lako linaruhusiwa kuvuta uzito gani, na mzigo mzito uukalishe mbele. Mimi hadi leo sijui kilichotuokoa ni mguu wangu au sauti ya yule mama.

Babu yako,
Shabani