Kibanda cha Kwenye Kona

Mjukuu wangu Kadzo,

Shikamoo yako imenifikia hapa Junda, marahaba. Sisi wazima, na kikohozi cha babu yako kimepungua.

Umeuliza kwa nini nauzia mboga uchochoroni, ilhali wateja wapo njia panda. Nilipokuwa msichana kibanda changu kilikuwa pale pale konani. Asubuhi moja lori likamgonga jirani yangu Mbeyu akivuka. Alipona, lakini mguu haukunyooka tena. Tulimzingira dereva, na mimi nikipiga kelele kuwashinda wote: "Huna macho wewe?"

Alikuwa akilia. "Dada, hebu panda ujionee."

Nikapanda, nikaketi kwenye kiti chake. Upande aliotokea Mbeyu sikuona barabara. Niliona turubai la kibanda changu.

Siku hiyo hiyo nilikivunja kwa mikono yangu. Ndipo nikaweza kufuatana na wenzangu kudai matuta ya barabarani, na baada ya kuzungushwa sana tukawekewa.

Mbeyu nilimwendea nikamweleza yote. Akasema, "Basi uwe unanitekea maji."

Namtekea mpaka leo, mjukuu wangu.

Mungu akutunze huko Eldoret.

Bibi yako