Gundi ya Mkono wa Usukani

Manundu, Korogwe

Dada yangu Mashavu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Kwamsisi ukiwa mzima, na ule mguu umepunguza kuuma. Sisi huku hatujambo, ila kikohozi changu cha vumbi la mbao, nacho nimeshakizoea. Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nivumilie, usome mpaka mwisho.

Mwaka jana Mwalimu Benedicto, mstaafu wa hapa mjini, alinunua mashua kuukuu ya tanga, akaiweka kule Pangani. Akaniletea kazi za mbao: meza ya kukunja, vijikabati, na mkono wa usukani, ule mpini wa kuongozea mashua, ambao ni vipande vyembamba vya mninga vinavyopindwa na kugandishwa pamoja. Kwa vitanda natumia gundi nyeupe, na haijawahi kuniangusha. Mwalimu akasema hiyo ikilowa inalainika, hivyo akaniletea gundi ya makopo mawili, ya kuchanganya. Akaniambia maelezo yapo kwenye kopo, kwa Kiswahili. Nikaitikia.

Nikachanganya nusu kwa nusu. Siku ya tatu ilikuwa bado inanata. Nikajipa moyo kwamba ni unyevu wa masika, nikapaka vanishi juu, nikamkabidhi.

Vipande vya mkono ule viliachana Mwalimu na mkewe wakiwa mashuani, karibu na pale mto unapoingia baharini. Mkondo ukawatupa kwenye mikoko, wakakaa humo mpaka walipovutwa na boti ya injini. Mkewe hajui kuogelea.

Mwalimu alikuja na vile vipande, wala hakufoka. Alinipa kopo akaniomba nimsomee. Nikamjibu kwamba sina miwani.

"Ukasha," akasema taratibu, "miwani umeivaa."

Nilikaa kwenye benchi nikalia.

Dada, nilikuwa sijui kusoma. Namba za futi nazijua, herufi ndizo zilizonipita. Ulipotolewa shule darasa la nne ukalime ili mimi nisome, nilikuwa naaga asubuhi na kwenda kushinda kwa Mzee Semboja seremala. Wewe unapalilia, mimi nachezea randa. Nimelificha hilo miaka thelathini.

Mwalimu ananifundisha kila Jumamosi, miezi kumi sasa. Nimesoma kopo mwenyewe: sehemu mbili kwa moja. Mkono wa pili niliomtengenezea umeshika mpaka leo. Na barua hii hakuna aliyeniandikia, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka.

Juzi nilitoa ile barua uliyonitumia baada ya arobaini ya shemeji Sharifu. Miaka sita imelala sandukuni. Ulinipigia ukauliza kama nimeipata, nikakujibu nimeipata na nimeelewa. Ukaniaga, hukuitaja tena. Kumbe uliomba kuja kuishi kwangu, na hukutaka kulisema kwenye simu mbele ya mawifi zako.

Sikukukataa, dada. Sikujua umeniomba. Chumba cha uani kipo na kitanda kimo. Jumapili nakuja Kwamsisi na gari. Kama bado unataka, funga mizigo. Kama moyo umeshapoa, nitakaa chini nikuombe radhi, kisha nirudi peke yangu.

Wanao wapokee salamu zangu, na mawifi pia. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mdogo wako,
Ukasha