Picha ya Mama Mkwe Kwenye Tivi

Milka, uko? Keti kwanza. Nimetoka kwa Caren sasa hivi. Ni bwana yake tena, Frankline!

Si unajua ile kompyuta kuukuu ya duka lake la Mamboleo, ile alikuwa anatengenezea vile vijitabu vya programu za mazishi? Ameileta nyumbani, akaiunganisha na tivi, akaijaza nyimbo na sinema. Wiki nzima ni kujigamba tu.

Leo mamake Caren amekuja kula. Frankline naye, vile anamwogopa mama mkwe, ameketi kando kabisa, macho kwenye zulia. Akaweka nyimbo za injili. Zikaisha.

Kumbe hiyo mashine ikikosa kazi inaanza yenyewe kuonyesha picha zilizo ndani. Picha gani? Za marehemu! Wateja wote wa duka, mmoja mmoja, na misalaba na maua.

Caren: "Zima!" Frankline yuko chini ya kiti anapapasa rimoti.

Halafu, Milka, akatokea mama mwenyewe. Amejaa tivi yote. Chini imeandikwa: "Lala Salama, Mama."

LALA SALAMA! Na mwenyewe yuko hapo mezani, ameshika kichwa cha samaki mkononi!

Eti mwaka jana mama alipolazwa hospitali, Frankline alimtayarishia programu yake mapema, asije akashikwa na haraka.

Mama akaweka samaki chini, akavaa miwani, akasoma maandishi yote kwenye tivi mpaka mwisho.

"Frankline."

"Mama."

"Hiyo rinda niliazima kwa dada yangu. Leta simu unipige picha ingine. Na safari hii, uniangalie."