Sauti Ambayo Hukuisikia

Sekei, Jumatano jioni

Baba Mchungaji,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila hiyo.

Ni wiki ya sita tangu tukuzike. Ofisi ya usharika bado naifungua saa mbili. Mchungaji mgeni huja Jumapili tu, anahubiri haraka, anaondoka. Viatu vyako vya mvua viko nyuma ya mlango, nimeshindwa kuvitoa.

Nina jambo la kukiri, maana limeshamuumiza mtu.

Unakumbuka Jumanne ile nilipokuhoji kwa ajili ya ubao wa matangazo, ukurasa wa kumfahamu mchungaji? Yote niliyaandika kwenye shajara yangu. Chakula: loshoro ya mahindi na maziwa mgando, tena iliyolala. Rangi: "Andika kijani, waridhike." Wimbo: "Wowote ambao kwaya haijauwekea kinanda." Tulicheka mpaka Mama Mchungaji akachungulia.

Kisha nikauliza Mungu alikuitaje kwenye uchungaji. "Mimi sikuitwa, binti yangu. Shamba la baba lilikuwa dogo, na mimi nilikuwa mvivu wa kuchunga. Akasema huyu apelekwe kanisani. Miaka yote nimesikiliza, sijasikia kitu. Ila mtu akigonga mlango, naenda."

Ukaniomba niache nafasi hiyo wazi, utanipa jibu zuri Ijumaa. Alhamisi moyo wako ukasimama.

Wazee wa kanisa waliniachia mimi wasifu wa kusomwa mazishini. Mzee Loishiye alisimama nyuma ya kiti changu. "Hapo pa wito usipaache wazi, binti. Askofu anakuja. Utatuaibisha." Nikaandika kwamba ukiwa kijana, ukichunga ng'ombe chini ya Mlima Meru, ulisikia sauti ikikuita kwa jina lako mara mbili. Askofu aliirudia hadithi hiyo kaburini, watu wakalia. Mama Mchungaji aliniangalia tu, akainamisha kichwa.

Wiki iliyopita Neema, yule uliyempa barua ya kujiunga na chuo cha theolojia, alikuja kurudisha fomu. "Dada, mimi sijasikia sauti yoyote. Mchungaji aliitwa. Mimi napenda tu kuwatembelea wagonjwa."

Shajara ilikuwa kwenye mkoba wangu, Baba. Miguuni pangu. Nikaipokea fomu, nikaiweka kwenye faili, nikamwambia Mungu amtangulie.

Tangu siku hiyo siwezi kuomba. Nafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Katika usharika mzima, aliyefanana nawe ni yeye, na nimemrudisha nyuma kwa hadithi niliyoitunga ili askofu asituone vibaya.

Jumamosi anasafiri kwenda Dodoma kuuza dukani kwa shangazi yake. Kesho asubuhi nitakwenda kwao Levolosi, nimsomee ukurasa wa Jumanne ile kama ulivyo. Huenda ameshafunga mizigo. Huenda asiniamini tena, na atakuwa na haki. Wazee wakisikia watanidai funguo za ofisi, na Mama Mchungaji sijui nitamtazamaje.

Ningekuwa nawe ningekuuliza nianzeje. Hupo. Hilo ndilo ninaloamka nalo kila siku.

Kwaheri, Baba Mchungaji. Siwezi kukuahidi kwamba imani yangu itarudi. Nakuahidi kwamba Neema atajua.

Binti yako wa ofisini,
Naomi