Jina Kama Lilivyo Kwenye Kitambulisho

Kwa kaka yangu Bosi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama anakula na kulala vizuri, magoti yanamsumbua asubuhi tu. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu mtandao wako hukatika kila ninapoanza kuuliza maswali, na karatasi haina mtandao.

Kwanza nikupe habari za ukarabati, maana wewe ndiye uliyeuanzisha. Fundi uliyemtuma alifika na ngazi yake, akatusalimia kwa adabu, akaanza na ukuta wa mbele. Alikaa na ukuta huo kama mtu anayemremba bibi harusi. Nilipomuuliza kuhusu paa la chumba cha mama, pale panapovuja hadi tunatega beseni, alisema hilo halimo kwenye kazi aliyopewa. Nikampeleka bafuni nikamwonyesha ukuta ulioota ukungu. Akaupaka rangi juu ya ukungu hivyo hivyo. Nikamwambia ukungu hukwanguliwa kwanza, bomba linalouloanisha ukuta litafutwe, ukuta ukauke ndipo upakwe, la sivyo rangi yote itabambuka mvua zikianza. Alicheka, akasema mvua zikianza hiyo haitakuwa shida yetu.

Kaka, unanijua. Wewe ndiye uliyenipa jina la Chungulia tangu utotoni, kwa kuwa hakuna mlango uliofungwa nisioutafutia tundu. Lile neno "yetu" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Yetu, yeye na nani? Nikaanza kumfuata nyuma nyuma na ufagio wangu, nikijifanya nafagia. Nikaona kwamba kinachopakwa ni kile ambacho mgeni angekiona akisimama getini au akikaribishwa sebuleni, au akienda bafuni. Soketi ya jikoni inayotoa cheche, mlango wa nyuma usiofunga, paa, vyote hivyo hakuvigusa. Nikajisemea kuna ukarabati wa kuishi na kuna ukarabati wa kuonyesha, na huu si wa kuishi. Nilipomweleza mama, alinijibu kwamba nikikosa mtu wa kumshuku nitashuku hata kivuli changu, kisha akampelekea fundi chai.

Basi nikanyamaza, lakini kunyamaza kwangu unakujua.

Alhamisi akaja bwana mmoja na mkewe. Fundi aliwapokea yeye, akasema ni jamaa zake, wamekuja kuona kazi yake ili akawapakie rangi kwao. Maelezo yalikuwa mazuri mno, na mimi maelezo mazuri mno huwa siyapendi. Yule bwana akagongagonga kuta kwa kidole, akauliza kama maji hutoka kila siku au kwa zamu. Sasa mtu aliyekuja kutazama rangi, maji yetu yanamhusu nini? Mkewe akaomba kuona vyumba. Nikamsindikiza, tena kwa tabasamu. Alipofika chumbani kwa mama akaanza kupima ukuta kwa kiganja, shibiri kwa shibiri, kuanzia dirishani hadi kwenye kona, halafu akamwita mumewe akamwambia kabati lao litaenea pale, ila tu kitanda kikiondolewa. Mama alikuwa ameketi juu ya kitanda hicho hicho, anashona kifungo.

Walipoondoka, nilimfuata yule mke hadi barabarani. Si mtu mbaya, kaka. Alishtuka kuona kwamba sijui. Aliniambia kwa aibu kuwa wao waliambiwa na dalali kwamba bibi mwenye nyumba anahamia kwa mwanawe kwa hiari yake, na kwamba kilichobaki ni sahihi moja tu, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na kasoro.

Nikakumbuka ulipokuja likizo ukamletea mama karatasi, ukamwambia ni za kibali cha ukarabati, manispaa inazitaka. Mimi nilikuwa sokoni. Kisha majuzi ukapiga simu kwamba kibali kimerudishwa, mama ametia sahihi "Mama Bosi" badala ya jina lake, kwa hiyo Jumamosi karani wa wakili ataleta karatasi nyingine, na safari hii aandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Siku ile tulicheka sote. Tangu uzaliwe, nani amewahi kumwita mama kwa jina lake? Hospitali, dukani, kwenye michango ya majirani, kote ni Mama Bosi. Nilidhani ni mazoea tu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wakati wote huo nilikuwa ninapekua nguo za fundi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda ofisi ya ardhi. Nikaambiwa hati bado iko kwa jina la mama, na kwamba akitaka kuweka zuio ili nyumba isihamishwe kwa mtu mwingine, lazima afike yeye mwenyewe. Kwa hiyo sikuwa na njia ila kumwambia. Nilirudi nikitafuta maneno njia nzima. Nilijua atalia au atakutetea, na sijui lipi liliniogopesha zaidi.

Hakulia. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, akaniambia kwamba siku ile uliyomletea karatasi alikuwa ameivaa miwani hiyo hiyo. Alizisoma. Aliona neno "muuzaji", na mbele yake aliona jina lake. Nikapandwa na hasira, nikamuuliza kwa nini basi alitia sahihi. Akasema ulimwomba kama mwanawe, naye akatia sahihi kama mama yako, akijua haitafika mbali. Alitumaini karatasi ikirudi utaona haya, uje umweleze una shida gani. Wewe ukamtumia karani.

Mimi nimekukasirikia, kaka, na nimeumia, na sitajifanya vingine. Kama umebanwa huko, ungesema. Tungekaa tukatafuta njia, hata kama njia yenyewe ingekuwa ni kuuza. Lakini umfanye mama mgeni kwenye kitanda chake?

Jumamosi karani alikuja na mkoba wake. Mama alimkaribisha kiti barazani, akamwomba asubiri kidogo. Akachukua kopo la rangi ya kahawia iliyobaki baada ya milango kupakwa, akapanda juu ya stuli, na fundi wako mwenyewe ndiye aliyemshikia stuli. Kwenye ule ukuta wa mbele uliopakwa vizuri kuliko kuta zote, akaandika kwa herufi kubwa kama sahani: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake akaandika jina lake, kwa ukamilifu, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nilikaa nikingojea amalizie na Mama Bosi, kwa mazoea. Akafunika kopo. Karani alisoma, akazirudisha karatasi zake mkobani, akaaga. Jumatatu tulikwenda wote ofisi ya ardhi, na zuio limewekwa.

Nisalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Paa bado linavuja, hivyo ukipata fundi wa paa, tutampokea. Nilipomuuliza mama nikuandikie salamu gani, aliniambia nikwambie hivi: Mama Bosi anakusalimu sana, anauliza utakuja lini. Mwenye nyumba hana la kusema na wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Chungulia